Shamba Lililoamshwa

Mwalimu Zeyana wa Kikwajuni hajapata kushindwa na darasa. Aliyemshinda ni kaka yake tu, Mcha, mkulima wa Mangapwani. Walikuwa hawasemezani, na chanzo chake ni kichaka.

Kichaka chenyewe kilikuwa shamba la marehemu mama yao, ardhi ya mawe yenye udongo wa kuokoteza. Shamba la namna hiyo hulimwa, na likichoka huachwa lilale mpaka miti irudi na majani yaoze. Mcha alikuwa amelilaza. Zeyana, mtoto wa shamba aliyegeuka mtu wa mjini, akaja kwenye hitima ya mama akaona pori. Ulimi hauna mfupa: akamwita kaka yake mvivu mbele za watu, kisha akaleta kijiko, lile gari la kuchimbua ardhi, kikang'oa kila kitu, mpaka mibungo waliyokuwa wakiparamia utotoni. Masika ikasomba udongo, likabaki jiwe jeupe. Mcha hakugomba, alinyamaza. Kuomba radhi ilikuwa kazi ya Zeyana, na kiburi hakikumruhusu.

Mwaka huu skuli ikapanga ziara ya kujifunza kilimo cha kutunza ardhi, na mwenyeji akawa, nani tena, Mcha. Njia nzima Zeyana aliyafanyia mazoezi maneno mawili: kaka, nisamehe. Leo lazima, alijiapia.

Mcha aliwapa watoto madafu, akawaonesha mboji na mihogo iliyopandwa baina ya miti. Kwa dada yake alisema, "Karibu, Mwalimu," basi.

Nadra, mwanafunzi asiyepitwa na jambo, akanyoosha kidole ng'ambo ya mihogo, kwenye ule weupe wa shamba la mama yao. "Babu, na pale pana nini?"

"Palikuwa pamelala, pakaamshwa kabla ya wakati."

"Kapaamsha nani?"

Mcha akamtazama Zeyana. Hakuwa na hasira; alikuwa akimsubiri. Na Zeyana, Mungu amsamehe, akajitia kuhesabu watoto.

"Sisi wenyewe, mwanangu," alisema Mcha. "Watu wa nyumba moja."

Wakati wa kuondoka Nadra akaropoka tena. "Mwalimu, yule babu mmefanana mpaka pua! Kwani mnajuana?"

Mcha alikuwa pale pale, kikapu mkononi. Neno moja tu lingetosha.

"Watu hufanana," alisema Zeyana. "Haya, ingieni garini."

Alikwenda kukaa mbele, hakugeuka nyuma. Hakuona Mcha akimwita Nadra dirishani na kumkabidhi kile kikapu.

Walipofika Mtoni, mji umeshakaribia, Nadra akaja nacho mbele. Kilikuwa na mabungo, na harufu yake ikamrejesha Zeyana juu ya mti, kaka yake chini akimkingia mikono asianguke.

"Mwalimu, babu kanambia haya ya dada yake, yumo humu garini. Nshauliza wote, hapana anayemjua."

Zeyana alikipokea kikapu akakipakata. Machozi yalimtoka mbele ya darasa lake zima, na Mangapwani imeshabaki nyuma.

"Ni mimi, Nadra," alisema. "Dada yake ni mimi."