Siku Niliyomtoa Nje Mtani wa Rubani

Nakumbuka siku moja pale Mkuyuni, mjukuu wangu, siku niliyogeuka kuwa ndege. Usicheke kabla sijamaliza. Kesho wewe na makadeti wenzako mnakwenda kugombea ufadhili wa Luteni Shija, na naona mmepiga pasi magwanda mpaka yanasimama yenyewe. Kaa kwanza, unywe uji, unisikilize.

Luteni Shija alikuwa rubani wa jeshi, mtoto wa huku huku kwetu. Ndege yake ilianguka akiwa kazini. Ndugu zake na maafisa wenzake wakaanzisha ufadhili kwa jina lake, kadeti mmoja kila mwaka alipiwe masomo mpaka amalize kidato cha sita. Mwaka ule wa kwanza nami nilikuwa mgombea. Baba alishaniambia wazi kwamba nikikosa narudi Bujora kuchunga ng'ombe. Na wale ng'ombe, mwanangu, walikuwa hawanipendi kabisa.

Siku ya kutoa ufadhili, ukumbini picha ya Luteni iliwekwa mezani. Mama yake, Mama Shija, alikaa mbele. Watu walisema tangu azike hajacheka wala hajalia. Mimi niliwekwa mlangoni, kifua mbele. Afande wetu, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akaanza hotuba. Mara akaingia Bi Nyamizi, mtani wa ukoo wa kina Shija, amevaa sufuria kichwani eti kofia ya rubani. Akaenda moja kwa moja kwenye picha.

"Wewe Shija! Ulikuwa unakimbia hata jogoo wa jirani, leo unaitwa shujaa? Mbona umeondoka bila kuniaga, mwoga we!"

Kazi ya mtani ndiyo hiyo, kumsema marehemu na kudai kuku mpaka wafiwa wapumue. Mimi nilijua. Lakini afande akafoka, "Kadeti! Mtoe huyo mama!" Nikaona shule yangu hiyo inakuja. Nikapiga saluti, nikamshika Bi Nyamizi mkono, kushoto kulia, mpaka nje.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na bado nilivunjika! Niliporudi nikitegemea sifa, nilimkuta Mama Shija amesimama. Mashangazi wakasimama, wajomba wakasimama, ukumbi mzima ukatoka. Tukabaki mimi, afande na pilau. Afande akaniuliza taratibu, "Kwani yule mama ni nani?" Nikamweleza. Akavua kofia, akajifuta jasho. "Ulijua, na hukuniambia?"

Mama Shija akaniita uani. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mwanangu ana watu wengi wa kumpigia saluti," alisema. "Wa kumtania alikuwa huyo mmoja, nawe umemtoa kama mwizi. Kamrudishe. Asiporudi, leo hapa hapewi mtu ufadhili."

Nilimkuta Bi Nyamizi sokoni anakula muhogo kwa raha zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkuu wa majeshi."

Nikaomba radhi. Akatafuna kwanza. "Nilikuja kwa miguu, nikatolewa kwa miguu. Kurudi, narudi kwa ndege."

"Ndege gani, bibi?"

"Wewe. Haya, washa injini."

Ningefanyaje? Nikatanua mikono, nikanguruma. Yeye nyuma yangu kashika mkanda, anagonga sufuria na kupiga kelele, "Rubani, ongeza mafuta! Kata kona kwa muuza nyanya!" Wauza dagaa waliacha mizani wakatufuata. Tukafika ukumbini, kumbe watu wamerudi ndani na sakafu imetoka kupigwa deki. Buti zikateleza, nikatua kwa tumbo hadi miguuni pa Mama Shija.

Mama Shija akaniinamia. Halafu yule mama akacheka. Alicheka mpaka kitenge kikamdondoka, na kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa cha mzazi. Bi Nyamizi akamkumbatia. "Lia, mama, lia. Mwoga wetu ameondoka." Nami nikalia pale pale sakafuni. Afande pia alilia, ingawa alikataa mpaka alipostaafu.

Alipotulia, Mama Shija akanyoosha kidole. "Huyu mpeni shule. Ndege msimpe."

Basi, mwanangu, amri utaitii, hiyo ndiyo kazi ya kadeti. Ila unapojua jambo ambalo mkubwa wako halijui, mwambie kabla mkono haujafika kwenye kofia. Heshima si utumwa. Na ukikosea, usitume mtu akuombee radhi. Nenda mwenyewe, ulipe utakachotozwa hata kama mji mzima unatazama, maana hao ndio watu wako, na mkataa kwao mtumwa.

Mungu akuinue juu, mjukuu wangu. Na siku akitaka kukushusha, akushushe mbele ya watu wanaokupenda.