Pikapu ya Bi Rayya Yapata Miguu Mipya

Bi Rayya binti Hamdan, ambaye sisi humwita Mama Hamad, aliendesha gari mchangani kabla mimi sijajua kushika spana, kwa hiyo kumfundisha jambo ni kujisumbua. Ni mjane wa Kibedui hapa Bidiya, Omani, barakoa usoni, kiwiko dirishani, na ile pikapu nyeupe aliyoachiwa na mumewe ilisikika kabla haijaonekana. Ubovu wote ulikuwa mbele. Springi zimelala bapa, shokapu zimekufa zamani, na kwenye njia ya mawimbi-mawimbi usukani ulitetemeka mpaka meno yakagongana.

Siku aliyoingia gereji kwangu alikataa hata kahawa. Nikajua leo pana jambo.

"Zahran, mwanangu, ing'oe yote hii ya mbele. Itie miguu mipya."

"Umeamka na nini leo, Mama Hamad? Miaka yote nakwambia, unaniita mwenye tamaa."

"Tamaa unayo. Lakini Ghanim kanifika hapa," akasema, akijigusa koo.

Ghanim ni shemeji yake, mwenye zizi kubwa na gari jipya. Wote wawili wanafuga ngamia wa mbio, ila Bi Rayya anaye mmoja tu, jike aitwaye Dhabya, aliyemnywesha maziwa kwa chupa tangu ndama huyo alipofiwa na mama yake. Huku kwetu mwenye ngamia hukimbiza gari pembeni ya uwanja, sambamba na mnyama wake, akimhimiza dirishani kwa sauti yote; mgongoni hapandi mtu siku hizi, kuna kimashine tu cha kuchapia kiboko. Msimu uliopita Dhabya alifika wa mwisho, shingo kaipinda kuitazama pikapu iliyobaki nyuma ikirukaruka. Ghanim akasema mbele ya watu kuwa yule ni mvivu, kadekezwa. Bi Rayya kwa hasira akamjibu kwamba Dhabya akishindwa tena, Ghanim aje na kamba amchukue. Ulimi ule! Mashahidi walikuwepo, na yeye si mtu wa kula matapishi yake.

Kazi ile niliifanya kama navisha bibi harusi. Wengi hudhani springi nzuri ni ngumu. Mimi nilitafuta ndefu na laini, nikafunga shokapu nene, bushi mpya, na kifaa cha kutuliza usukani. Ghanim akapita, akachungulia uvunguni.

"Zahran, unampaka kizee wanja?"

"Gari lako jipya, shemeji," Bi Rayya akamjibu kutoka kwenye kiti, "mbona bovu ni dereva?"

Nilicheka mpaka spana ikanidondokea kifuani.

Tulipotoka kuijaribu, alinishikisha kikombe cha kahawa kilichojaa, akakanyaga mafuta kwenye njia mbovu kuliko zote. Pikapu ilielea. Nilikitazama kikombe, yeye akanitazama mimi, halafu akapiga kigelegele kilichowakurupusha mbuzi wa watu.

"Haimwagiki! Zahran, haimwagiki!"

Kesho yake tukaenda kumzoeza Dhabya. Hakukimbia. Alisimama akaikodolea macho pikapu, na kila tulipomsogelea alijitenga, kama mtoto anayemwona mgeni. Mbio zilikuwa mwisho wa wiki, na kamba ya Ghanim ilikuwa tayari. Nililala chini nikakagua kila nati, sikuona kosa. Bi Rayya ndiye aliyejipiga paji la uso.

"Haijui pikapu hii! Tangu ana mwezi mmoja anakimbia na makelele yale. Wewe umeyanyamazisha!"

Niliudhika, sifichi. Ukimya ule ndio ulikuwa fahari yangu. Yeye akachukua kopo la maziwa, akalijaza nati kuukuu, akalifunga chini ya bampa kwa waya.

"Baada ya jasho langu lote, unanifungia manyanga?"

"Wewe fundi tu, mwanangu. Mteja ni ngamia."

Tukaondoka, kopo likapiga kelele za kukera, na Dhabya akaja mbio mpaka dirishani.

Siku ya mbio nilikaa kando yake, nimeshika mlango kwa mikono miwili. Ngamia walifunguliwa, vumbi likafunga, magari yote yakaondoka kwa mpigo mmoja huku yakipiga honi. Dhabya alikuwa katikati ya kundi. Tulifika pale njia inapoharibika, pale ambapo kila mwaka Bi Rayya alilazimika kuachia mafuta. Safari hii alikanyaga. Sehemu ya mbele ikaufuata usukani kwa utii, na tukabaki ubavuni kwa Dhabya. Mnyama akageuza shingo, akatuona tupo. Akanyoosha kichwa mbele, akaondoka.

Ee Mola wangu, sijaona kitu kama kile! Alimpita mmoja, akampita mwingine, akampita ngamia wa Ghanim, na sisi tulimfuata mpaka sindano ya mwendo ikafika pale ambapo pikapu ile haikuwahi kufika mchangani. Nilikuwa napiga kelele kama mwehu. Bi Rayya alikuwa akipiga kelele pia, kisha ghafla akanyamaza.

Dhabya alikuwa wa kwanza. Watu wakaizunguka pikapu, Ghanim mwenyewe akaja kutoa mkono, uso umemshuka. Bi Rayya hakutoka. Alikuwa ameshika usukani, na machozi yalikuwa yakimtiririka chini ya barakoa.

"Umemwonyesha, Mama Hamad," nikamwambia. "Nani mvivu sasa?"

"Achana na Ghanim." Alikuwa anamtazama Dhabya, anayehema kule mbele. "Miaka yote hii, Zahran. Miaka yote alikuwa ananingoja mimi."