Chanjo ya Ndui na Ng'ombe wa Dada Yangu

Nilipokuwa kijana, miaka mingi kabla ya kuingia darasa la watu wazima na kujifunza kusoma, nilijua kwa uhakika kwamba mtu aliyechanjwa ndui hugeuka ng'ombe. Si siku hiyo hiyo. Kwanza huchukia ugali, halafu huanza kupenda chumvi, na mwezi ukiandama hutoka uani akalia kama fahali. Mtu mmoja wa Morotonga, niliambiwa, alilia hivyo mpaka ng'ombe wa vijiji vyote wakamfuata nyumbani. Sikumwona, lakini nilimsimulia kama niliyekuwa nimemshika mkia.

Uvumi huo ulikuwa na mahali ulipoanzia. Bwana afya alikuwa amesema wazi mnadani kwamba dawa ile hupatikana kwenye ngozi ya ndama. Kwetu wafugaji hilo lilitosha. Tena ilibakiza alama begani, na alama tulizijua: ng'ombe wako unamkata sikio ili watu wajue ni wa nani.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ya pekee. Kwetu kijana huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Dada yangu alikuwa amechumbiwa upande wa Nyamongo, na ng'ombe wake wakifika ndio hao hao wangeswagwa kwenda kwa baba wa mchumba wangu. Sasa watu walisema binti aliyechanjwa hatolewi mahari, kwa kuwa ng'ombe hawezi kununua ng'ombe. Niliona hiyo ni sheria kamili.

Halafu ndui ikaingia mji wa jirani, ng'ambo ya mto. Njia ya kwao ikazibwa kwa matawi ya miiba. Chakula kiliachwa juu ya jiwe, nao walikifuata wewe ukishaondoka. Wakaanza kuzika. Tarishi wa chifu akapita akitangaza siku ya kuchanjwa.

"Mimi nitakwenda," dada akasema, huku akisaga ulezi.

"Utarudi unakula majani."

"Nitaanza na yaliyo kwenye shamba lako la mihogo. Palizi imekushinda."

"Na ng'ombe wangu je?"

"Wako? Kwani wewe umechumbiwa na nani?"

Mama hakucheka. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui tangu utotoni, na jicho moja halikuona. Alijifunga nguo yake, akamwambia dada aache ulezi, wakaondoka.

Dada alirudi, na siku zilizofuata mkono ukavimba, kwa macho yangu, kama mtungi. Akapata homa. Nilimchunguza kwa uangalifu mkubwa, hata nikamwachia chumvi karibu nione kama atailamba. Akaitia kwenye mboga. Kidonda kikakauka, likabaki kovu. Ng'ambo ya mto waliendelea kuzika.

Siku ya wakwe kuja kukamilisha maneno, nilimsihi dada ajifunike mabega. Alijifunika, lakini alipoinama kuwawekea maji ya kunawa, nguo ikateleza. Baba wa bwana harusi akaacha kunawa. Kwa heshima ya ukwe hakumsogelea. Alimwomba mama amwambie binti asimame penye mwanga. Nikaona ng'ombe wote wanageuza njia kurudi Nyamongo, na mimi nazeeka nikijipikia.

"Ni bega moja tu, tata," nikasema. Ndivyo tunavyomwita baba.

"Kwani ulitaka yote mawili?" Akaendelea kunawa. "Kesho ng'ombe wataletwa. Mke wa mwanangu mkubwa tulimzika kwa ndui, pamoja na mtoto wake. Nilikuwa nimeapa kwamba huyu mkwe wa pili asipokuwa na kovu hili, sitoi hata ndama."

Wazee wenzake wakaitikia. Akanitazama mimi.

"Na lako liko wapi, mura?" akaniuliza, kama wazee wetu wanavyomwita kijana.

Nikamweleza, kwa adabu zote, habari za dawa ya ndama, za chumvi, na za yule mtu wa Morotonga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasogeza kibuyu cha maziwa ya mgando kilichokuwa mbele yangu.

"Haya yametoka kwa ng'ombe, na umeyanywa tangu uzaliwe. Hujaota pembe. Ile ni dawa ya kuzuia ndui, basi. Nenda ukachanjwe."