Sentimita Saba za Taisia

Taisia Ozhogina alipeleka barua katika vijiji vitatu nje ya mji wa Kurgan, Urusi, kwa miaka kumi na tisa, iwe theluji au jua. Kisha, mwanzoni mwa 1978, gogo liliporomoka kutoka kwenye lori likamponda ugoko wa kulia. Katika hospitali ya kwanza wakaondoa mfupa uliooza, likabaki pengo la sentimita saba. Wakamshauri mguu ukatwe.

"Na barua nizipeleke kwa kutambaa?" akauliza, akaomba ahamishiwe Kurgan mjini.

Huko alimkuta daktari Lidia Vershinina, mama mfupi mwenye mikono ya fundi seremala. Alimzungushia mguu pete za chuma zilizoshikwa na nyaya nyembamba zilizopenya mfupani, kisha kwa patasi akatenganisha kipande cha mfupa wenye afya uliokuwa juu ya pengo.

"Hiki kipande tunakishusha polepole kikazibe pengo," alimweleza. "Huku nyuma kinakotoka, mwili wako utaotesha mfupa mpya. Unakaza nati hizi za pete mara nne kwa siku, robo milimita kila mara."

"Nani anakaza?"

"Wewe mwenyewe. Spana hii hapa."

Kitanda cha jirani alilala Rufina, mchomeleaji vyuma, naye alikuwa na pete zake. Wodi ile hakuna aliyeruhusiwa kulala tu; walishonewa sketi pana za kufunika pete, wakazunguka ukumbini na magongo wakigongana vyuma na kucheka.

"Ukitembea unalia kama ndoo ya maziwa," Rufina alimtania.

"Na wewe kama trekta bovu. Nipishe."

Majira ya kukata nyasi yalipokaribia, Taisia akashikwa na hamu ya kwao. Akaanza kukaza mara nane kwa siku, kimyakimya, chini ya blanketi. Baada ya siku kumi Lidia akainua picha ya eksirei dirishani. Pale mfupa mpya ulipotakiwa kuota palionekana ukungu hafifu tu.

"Taisia, umekuwa ukikaza mara ngapi?"

Rufina akatazama dari. "Mara nane," Taisia akasema.

"Nyama changa umeivuta kabla haijapata nguvu. Sasa tutazirudisha nati nyuma, halafu tusubiri. Mwezi mzima umepotea, mama."

Taisia alijifunika shuka, akalia. Alijiona mjinga, tena mtu mzima. Rufina akanyoosha mkono, akachukua spana kutoka kabatini.

"Kuanzia leo utaniomba mimi," alisema. "Na usinitolee macho."

Mwezi ulipopita, ikawa hivyo: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, Taisia anaomba, Rufina anampa, kisha anaidai spana irudi. Ukungu ukawa wingu, wingu likakaza likawa jeupe. Kipande kilipofika chini kikaungana, na miezi ya kusubiri ikafuata, mirefu kuliko yote.

Pete zilitolewa Machi ya mwaka uliofuata. Mguu ulikuwa mwembamba, na kwenye baridi kali uliuma. Siku ya kwanza kazini Taisia alibeba nusu mkoba, akapumzika mara mbili njiani. Kwenye lango la kwanza mzee Saveli alikuwa akichota maji kisimani.

"Taisia! Si walisema wanaukata?"

"Walisema," akajibu, akimpa gazeti. "Pokea, nina nyumba nyingine thelathini."