Matundu ya Mama Mkubwa Serwaa

Karakana yetu iko Suame, mjini Kumasi. Babu aliianzisha kwa kufua majembe kutokana na springi za malori. Watoto wake wakaleta mashine za kukwaruza muhogo. Mjomba Boaten huchomelea vyuma. Dada yake, Mama Mkubwa Serwaa, hutoboa bati linalovishwa ngoma ya mashine, lile pipa linalozunguka na kukwaruza muhogo, tundu moja moja, kwa nyundo na msumari. Mwaka wa thelathini na moja huu! Siku moja nilijaribu kuhesabu matundu ya bati moja. Nilipofika mia nane na ushee, macho yakanichezea.

Mwezi uliopita Mjomba akanunua mashine ya kutoboa. Bati zima, dakika nne.

"Sasa pumzika, dada. Umri nao."

"Umri wa nani? Wewe si ndiye unayetafuta miwani ukiwa umeivaa?"

Mafundi wakacheka. Yeye akaiweka nyundo chini taratibu.

"Utaondoka?" nikamuuliza.

"Niende wapi? Nikatoboe masufuria nyumbani?"

Wiki ya pili mteja wetu, Mama Dufie, alirudisha mashine yake mpya ya kukwaruza kwa mkokoteni. "Boaten, umeniuzia nini? Muhogo unatoka mrefu kama tambi!"

Mjomba akakagua beringi, mkanda, injini. Hakuona kosa. Mama Mkubwa alitupia bati jicho moja tu, kisha akarudi kwenye ndizi yake ya kuchoma, kimya. Yeye, kimya! Nikajua ameshaona. Angenyamaza siku tatu tu, ile mashine ya kutoboa ingerudishwa dukani, naye angerudia nyundo yake.

"Na wanawake kumi na wawili wananisubiri," Mama Dufie akasema. "Muhogo umeshamenywa. Utaoza wote."

Mama Mkubwa akapangusa mikono. "Boaten, matundu yako yamenyooka kama watoto wa shule mstarini. Muhogo unapita katikati ya safu bila kukwaruzwa. Safu ya pili isogeze nusu hatua, ya tatu irudishe. Baba alinifundisha hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Kufikia saa kumi jioni bati jipya lilikuwa tayari, limetobolewa na mashine, na muhogo ulitoka laini. Tukiwa njiani kurudi nyumbani na Mama Mkubwa, nikashindwa kujizuia. "Si ungenyamaza tu?"

Akajibu bila kupunguza mwendo: "Muhogo wa watu ungeoza."

Jumatatu Mama Mkubwa hakuja kazini; siri aliyofundishwa na baba yake sasa ilikuwa kwenye mashine. Jumanne pia. Jumatano Mjomba alimfuata nyumbani; walichozungumza sikijui. Mjomba alirudi peke yake, akasimama mbele ya mashine ya kutoboa muda mrefu kabla ya kuiwasha.