Nilivyozikwa kwenye grupu la kazi, mimi mwenyewe nikiwa nakula ugali na mama

Wakuu, habari za mchana.

Kisa hiki kimenikuta mimi, sikukiokota kijiweni. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Mniite Rama.

Kazi yangu ni kufuatilia malori. Ofisi iko Dar, mizigo inakwenda hadi Kigoma, na njia yote ya magharibi nilikuwa naisimamia kwa simu. Dereva kazuiwa mizani, tairi limepasuka, mteja anauliza mzigo wake umefika wapi, wote kwa Rama.

Magrupu ya WhatsApp yalikuwa mengi hadi nikawa nasahau lipi ni la nini. Nalala na simu, naamka nayo, msalani naingia nayo. Mke wangu akiwa na jambo la maana ananiandikia meseji, na tumekaa sebule moja.

Basi, baba akafariki.

Baba alikuwa fundi cherehani, Ng'ambo pale Tabora, maisha yake yote. Nilimwomba bosi ruhusa, akanipa bila kinyongo na pole nyingi. Ila akaongeza, "Rama, simu usizime lakini."

Sikuzima. Tuliporudi kutoka makaburini watu wakakaa chini ya turubai, mimi nikaenda zangu nyuma ya nyumba, karibu na tenki la maji. Pale mtandao unashika vizuri. Asubuhi yote nilikuwa kimya kwa ajili ya mazishi, lori moja limekwama mizani, na bosi keshapiga mara kadhaa. Nikaanza kumwandikia.

Hapa wasio wa kwetu niwaeleze kidogo.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi babu zetu wanabeba mizigo ya misafara kutoka huku mpaka pwani wakipita kwao. Kwenye msiba mtani ana ruhusa zake. Anaweza kukuchukulia kitu chako, akakusema mbele za watu, akamwigiza marehemu, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe.

Mtani wetu mkuu ni Bi Tatu, Mzaramo aliyeolewa Ng'ambo zamani sana, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Siku hiyo alikuwa kavaa koti la baba, futi ya kupimia ameining'iniza shingoni, anawazungukia waombolezaji na kuwapima viuno. "Wewe shati lako la Idi halijaisha, sasa atalimalizia nani?" Watu wanacheka na machozi yanawatoka. Baba alikuwa hivyo kweli, nguo yako haikuisha siku aliyokuahidi.

Akanifuata hadi kwenye tenki. Akaninyang'anya simu kabla sijatuma meseji, na papo hapo ikaita. Akapokea.

"Nani? Ah, bosi wake. Rama katangulia, baba. Ndiyo kwanza tumetoka kuzika. Mwombee."

Akaizima, akaitia ndani ya kibwebwe cha kanga.

Nilicheka. Nilidhani bosi atajua ni utani. Nilisahau kwamba bosi amekulia mjini, mambo ya watani misibani hayajui. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe kitu kidogo cha kuikomboa, maana desturi ndiyo hiyo.

"Hela yako sitaki, Mnyamwezi," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Mama yako hajala tangu baba yako afariki. Unajua?"

Sikujua.

"Wanampelekea sahani, anaichezea, inarudi vilevile. Dawa za sukari anameza na tumbo tupu. Miaka yote amekula sahani moja na mumewe, leo unadhani atakula na nani? Fidia yangu ni hiyo. Ule naye sahani moja, kila mlo, mpaka tanga lianuliwe. Simu utaikuta kwangu."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa kwenye mkeka, kajifunika kanga, wanawake wamemzunguka. Wakanipisha. Ukaletwa ugali na nsansa, mboga yetu ya majani makavu, imeungwa karanga, sahani moja. Nikakata tonge.

Mama akaniangalia sana. "Umenawa?"

"Nimenawa, mama."

Naye akanawa. Akakata tonge dogo, akala. Akakata jingine. Shangazi yangu aligeukia ukutani akalia, mimi nikajikaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe kutafuta simu. Baadaye ukaacha. Mama naye akaanza kusogeza mboga upande wangu, na kuongea. Akanieleza walivyojuana na baba: alimpelekea kitambaa cha gauni, akazungushwa njoo kesho, njoo keshokutwa, "mpaka nikaolewa, gauni bado halina mikono." Tulicheka hadi waombolezaji wa nje wakachungulia. Wakuu, kisa hicho nilikuwa sijawahi kukisikia, na ni cha wazazi wangu mwenyewe.

Hitma ikasomwa, tanga likaanuliwa, Bi Tatu akanirudishia simu.

Nikaiwasha. Grupu la kazi limejaa R.I.P. zangu; namba ya mtu mwingine wa kwetu hawakuwa nayo. Picha yangu ya kitambulisho imewekwa, nimekodoa macho, pembeni mshumaa. Wengine wanasema presha, kijana kamfuata baba yake. Bosi ameandika, "Pengo lake halitazibika."

Chini yake, dakika chache tu baadaye, bosi huyohuyo: "Kuanzia sasa malori ya magharibi yatasimamiwa na Deo."

Na Deo alikuwa ameyasimamia. Lile lori la mizani lilishashusha mzigo Kigoma.

Sikukasirika. Nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, naye alikuwa anadhani akilitua dunia itaisha.

Nikampigia bosi. "Rama? Ni wewe?" Kisha nikamsikia analia kabisa, mtu mzima. Bosi wangu si mbaya, naomba mnielewe. Nikamwomba Deo abaki na nusu ya malori, tupokezane usiku, na mimi nihamie Tabora maana malori yanapita hapahapa. Akakubali yote. Mtu aliyetoka kukulilia hana nguvu ya kukukatalia.

Sasa niko Ng'ambo na familia. Sukari ya mama imetulia. Mke wangu siku hizi ananiambia mambo kwa mdomo, mengine bora angeendelea kuandika.

Nilichojifunza ni kwamba kazini pengo langu linazibika, na ni jambo la kushukuru. Kwenye sahani ya mama halikuwa na wa kuliziba. Bi Tatu hayumo humu jukwaani, ila Mungu ampe umri mrefu. Akija kwetu namkabidhi simu mlangoni kabla hajaomba.

Wenye visa kama hiki mshushe hapa chini, nitavisoma vyote.

Nikichelewa kujibu, msiandike R.I.P. Nakula na mama.