Nywele za Kitinda

Saa tatu asubuhi, kompyuta iliyo kwenye kona ya chumba inanguruma kama mashine ya kukoboa, na mbele yake mwanamke amekaa akitazama kichwa cha msichana kikijitokeza polepole kwenye kioo. Paji la uso linatokea. Sikio linatokea. Zinafika nywele, na hapo kazi inakwama.

"Umeona?" anasema bila kugeuka. "Uso na chumba kizima, dakika kumi na nne. Nywele peke yake, ishirini na tatu. Na hiyo ni picha moja tu! Sekunde moja ya filamu inataka picha ishirini na nne. Piga hesabu wewe, mimi nimechoka kuipiga."

Majirani wanamwita Mama Katuni, ingawa hana mtoto. Ana miaka thelathini, na tangu amalize shule anaishi kwa kutengeneza vikatuni vya matangazo: sabuni inayocheza, jino linalolia, kuku anayesifia chakula cha kuku. Ofisi yake ndiyo chumba anacholala. Kitanda kimesukumwa ukutani, na feni iko moja tu, nayo imeelekezwa kwenye kompyuta. Yeye anajipepea kwa kipande cha boksi.

Kuiachia kompyuta igeuze michoro iwe picha kamili, zenye mwanga na vivuli, wenzake wanaita kurenda. Yeye anaita kupika.

"Jiko langu dogo, wageni wengi," anasema.

Safari hii chunguni kuna filamu ya dakika nne, ya msichana anayelazwa hospitalini na kuziogopa mashine. Hospitali moja imemwagiza aitengeneze kwa ajili ya chumba cha michezo katika wodi ya watoto wenye saratani. Chumba kitafunguliwa baada ya siku thelathini na moja. Kwa mwendo wa kompyuta hii, filamu itaiva baada ya miezi mitano. Asipowahi, watoto watawekewa katuni yoyote itakayopatikana, na yake itabaki kuwa ya kujitazamia mwenyewe.

Hilo hawezi kulikubali, kwa sababu msichana wa kwenye filamu ni mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alifariki miaka mitatu iliyopita katika wodi hiyo hiyo, akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Nywele zake zilikuwa vita," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mama alikuwa anamsuka Jumapili nzima. Vitana vinavunjika, mtoto analia, mama naye anataka kulia."

Nywele hizo amezitengeneza unywele kwa unywele, kwa wiki sita. Ndizo zinazoila kompyuta.

Malipo ya awali ya hospitali yalitosha kuiongezea mashine nguvu mara moja, si mara mbili. Fundi wa kompyuta wa duka la chini ya ngazi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Bisibisi, alimpa ushauri mmoja tu: apime kwanza. Aiache mashine ipike, aangalie ni kiungo gani kinachohema, ndipo aingie dukani.

Hakupima. Kila muuzaji aliyemuuliza alimwambia aongeze RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta, na neno likisemwa na watu kumi hugeuka ukweli. Akanunua RAM kwa zaidi ya nusu ya fedha, akaichomeka, akapika picha ileile. Kutoka dakika thelathini na nane, ikashuka hadi thelathini na saba.

"Nilinunua dakika moja," anasema. Alirudi dukani akaomba wabadilishane, muuzaji akamwambia mali ikishatoka haijui njia ya kurudi.

Saa nne Bisibisi anaingia, amebeba kadi ya picha iliyotumika, kile kipande kinachoisaidia kompyuta kuchora, ameifunga kwenye taulo. Ndiyo pekee inayolingana na fedha iliyobaki. Iliyo kubwa kuliko hiyo inauzwa sawa na kodi ya miezi sita ya chumba hiki, na chumba chenyewe kinadaiwa.

Anaichomeka. Kompyuta inawaka. Wanasubiri. Baada ya muda mfupi linatokea neno moja jekundu: haitoshi.

"Nilijua," anasema fundi. "Kadi hii inakula kwenye sahani yake yenyewe, na sahani ni ndogo. Nywele zimeijaza. RAM yako nyingi, sawa, lakini haiwezi kuimegea."

"Kwa hiyo?"

"Mfunge kitambaa kichwani, tumalize. Dada, akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila zako zitakukosesha kazi!"

"Bisibisi, toka nje."

"Nilikuwa natania jamani."

"Toka! Kitinda hafungwi kitambaa!"

Kelele hizo zinamleta mama yake kutoka chumba cha pili, na nguo alizokuwa akikunja bado ziko mkononi. Ni mama wa maneno machache. Anauliza kuna nini, anaelezwa, anasogelea kioo na kukitazama.

"Hapa yuko wapi huyu?"

"Wodini, mama."

"Wodini, na nywele zote hizi?"

 Bisibisi, mwenye jibu kwa kila kitu, anajifanya anatafuta skrubu.

"Nilizikusanya mimi kwenye mto, kwa mkono huu," anasema mama. "Wiki ya pili ya dawa hazikuwepo tena. Wewe hukumwona."

Ni kweli, hakumwona. Mwezi ule alikuwa na tangazo la sabuni jikoni, na aliogopa kwamba akiiacha mashine peke yake itazima na kazi itapotea. Kila siku alisema kesho. Alipofika hospitali, mdogo wake alikuwa ameshatolewa wodini, amefunikwa.

"Sikumchora alivyokuwa," anasema baadaye, akifuta uso kwa kiganja. "Nilimchora nilivyomwacha."

Mama hamgombezi. Anauliza swali jingine tu, kwa sauti ya chini: "Hao watoto mtakaowaonyesha, wana nywele?"

"Wengi hawana."

"Basi watasema huyu si mwenzao."

Kuziondoa ni kubofya mara moja. Kazi ya wiki sita inatoweka kabla hajavuta pumzi, na kwenye kioo kinabaki kichwa kidogo kitupu. Mama Katuni anaziba mdomo kwa mikono yote miwili, analia kwa sauti, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Ni mama anayesogeza kidole hadi kwenye kioo. "Kisogo hapa kilikuwa bapa kidogo. Na nyuma ya sikio alikuwa na kovu, alianguka akiwa anatambaa."

Binti anarekebisha. Hakuwahi kukijua kichwa hicho, inabidi aelekezwe. Wakimaliza, Bisibisi anaigusa kompyuta kama mtu anayeomba radhi, na kadi inaanza kupika. Dakika tano kwa picha. Siku nyingine wangeshangilia.

Mpango sasa umeandikwa kwa kalamu ukutani, juu ya kitanda. Siku ishirini za kupika wodi. Siku sita za akiba, maana mashine hii haiaminiki. Siku ya ufunguzi anakusudia kwenda mwenyewe, akae na watoto hadi filamu iishe. Hajawahi kukanyaga wodi ile. Akiulizwa kama ataweza, anasema hajui, lakini safari hii hatasema kesho.

Na zimebaki siku tano, alizozitenga kwa ajili ya mwanzo wa filamu: msichana yuko nyumbani, mzima, amekaa sakafuni kati ya magoti ya mama yake, anasukwa. Kipande hicho kitapikwa na nywele zote, maana nakala yake aliihifadhi, bila kadi, kwa mwendo uleule wa zamani.

"Ni kirefu?" anauliza mama.

"Sekunde nane, mama. Siku tano kwa sekunde nane. Najua ni wazimu."

Mama anaweka nguo kitandani, anavuta kiti karibu na kioo na kukaa.

"Kumsuka tu kulikuwa Jumapili nzima," anasema. "Siku tano si nyingi."